Wakati Mama Alipokuwa Amepona

Mama yangu alianguka kutoka juu ya lori la samaki kwenye barabara ya Mahagi, mahali ambapo mvua ilikuwa imekula upande mmoja wa njia. Lori halikupinduka. Liliinama tu, likabaki hivyo, na waliokuwa wamekaa juu ya magunia wakamwagika kama maharage. Wengine waliinuka wakicheka. Mama hakuinuka. Alikuwa mwanamke mwenye nguvu, mzaliwa wa kando ya ziwa, na tangu alipoolewa Bunia alikuwa akienda na kurudi huko kununua samaki wa chumvi, ambao kwetu tunawaita makayabo. Siku ile walimleta nyumbani akiwa amelazwa juu ya mlango ulioombwa kwa watu. Baba, ambaye alikuwa seremala, aliutazama kwanza ule mlango. Baadaye alisema aliogopa kumtazama mama.

Mimi nilikuwa mtoto wao wa kwanza, msichana wa shule ya sekondari. Hospitalini walimlaza muda mrefu, mguu ukiwa umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Alipotoka, mguu wa kuume ulikuwa umepungua urefu kidogo na nyonga ilikataa kukunjika. Daktari alieleza kwamba kulikuwa na operesheni ya kurekebisha jambo hilo, lakini si Bunia. Labda Kisangani, labda Kinshasa. Baba akamshukuru kwa heshima, na habari hiyo hatukuizungumza tena nyumbani.

Basi mama akatembea kwa fimbo. Safari za ziwa zikaisha. Akawa ananunua makayabo kwa wanawake wengine na kuyauza sokoni akiwa amekaa, mahali ambapo wenzake walimwachia karibu na ukuta ili aegemee.

Imani yake ilikuwa ile ya watu wa kwao: ubatizo wa utotoni, rozari chini ya blauzi, misa ya kwanza kila Jumapili hata kukiwa na matope. Aliuombea mguu wake kama alivyoiombea mitihani yetu na bei ya chumvi, bila kuutanguliza. Sista mmoja mzee alimletea maji ya Lurdi, kule Ulaya Bikira Maria alikotokea, ndani ya kichupa cha plastiki chenye umbo la Bikira Maria. Kifuniko chake kilikuwa taji la buluu. Mama aliyapaka nyongani mpaka yakaisha. Bibi yangu, yaani mama yake, naye alikuja kutoka Mahagi na dawa yake, akamchanja chale ndogo palepale yalipopakwa maji, akasugua unga mweusi. Nilimuuliza mama kama haoni shida kuchanganya vitu hivyo viwili. Mimi nilikuwa nimefundishwa na masista, na nilipenda kuuliza maswali ya namna hiyo.

"Mungu njo anajua atapitia mulango gani," alisema. "Miye kazi yangu ni kufungua."

Miaka kadhaa ikapita hivyo. Nilimaliza shule nikaanza kufundisha darasa la pili. Ilikuwa ile miaka ambayo majina ya ubatizo hayakuruhusiwa kwenye karatasi, maofisini tuliitwa citoyen na citoyenne, yaani raia, na Jumamosi asubuhi kila mtu alitoka na jembe kwenda kufanya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha barabara na mifereji. Baada ya salongo, walioosha miguu yao na kubaki na nguvu walianza kwenda kwenye chumba cha katekisimu nyuma ya parokia. Huko kulikuwa na kikundi kipya cha maombi.

Aliyekianzisha alikuwa mwalimu wa sekondari aliyesomea Kisangani na kurudi na namna ya kusali ambayo hatukuijua. Sisi tulizoea sala zenye maneno yake, unayoyasema pamoja na wengine hata ukiwa unafikiria mboga jikoni. Kule kila mmoja aliomba kwa maneno yake mwenyewe, wote kwa wakati mmoja, kwa sauti, viganja vikiwa wazi. Mwalimu mwenyewe hakupiga kelele. Alivaa abakosti, koti la siku zile lisilovaliwa na tai, ya kijivu na iliyopigwa pasi vizuri na alizungumza polepole, kama mtu anayesoma imla kwa watoto. Baba paroko, mzungu mzee aliyekaa Ituri muda mrefu hata akasema Kingwana, Kiswahili cha kwetu, chenye makosa yetu na makosa yake pia, hakukikataza kikundi hicho wala hakuhudhuria. Alikuwa akipita nje ya dirisha, anapunguza mwendo, halafu anaendelea.

Mama alipelekwa huko na jirani yetu. Alikwenda Jumamosi kadhaa, akarudi, hakueleza mengi. Alisema tu kwamba wanaimba vizuri. Kisha siku moja mvua ilikuwa imenyesha, njia zilikuwa zinateleza, akaniomba nimsindikize ili asianguke. Ndiyo maana nilikuwepo. Sikuwa nimekwenda kutafuta kitu.

Chumba kilijaa na kilikuwa na joto la nguo zilizolowa. Waliimba. Waliomba. Kisha mwalimu akanyamaza, wote wakanyamaza naye, akasema kwamba Bwana anamwonyesha mtu mwenye maumivu kati ya kiuno na mguu. Nilifikiri kwamba halikuwa jambo gumu kuonyeshwa, maana fimbo ya mama ilikuwa imelala mbele ya benchi ya kwanza na kila mtu alikuwa akiiruka. Lakini hakuna aliyecheka, na mimi pia sikucheka. Mama akasimama. Walimzunguka, wakamwekea mikono begani, kichwani, mgongoni. Jirani yetu alipiga magoti akashika goti lake. Ilichukua muda. Nilimtazama mama usoni, kwa sababu sikujua nitazame wapi, nikaona amefumba macho na midomo yake imelegea kama ya mtu aliyelala.

Mwalimu akamwambia, "Mama, tembea."

Akatembea. Alikwenda mpaka ukutani, akageuka, akarudi. Aliyumba kidogo, kama mtu aliyeshuka mtumbwini, lakini mguu ulikunjika na kukanyaga. Nilikuwa nimekaa na ule mguu nyumba moja muda wote huo, niliujua, na haukuwa umewahi kukunjika hivyo. Hilo nililiona kwa macho yangu, na sijawahi kulikana.

Chumba kikalipuka kwa vigelegele. Nilipoinama kuokota fimbo, mtu alikuwa ameshaichukua. Nilimkimbilia mama mlangoni nikataka kumshika mkono kwa sababu ya utelezi.

"Ngoja, mama," nilimwambia.

"Weye njo ngoja," akanijibu, akatoka.

Alitembea mpaka nyumbani. Watu walimfuata wakiimba, na kila tulipopita wengine waliongezeka, hata mimi mwenyewe nikasukumwa nyuma. Baba alikuwa uani anapiga randa mbao za kitanda cha mtu. Aliwaona watu kwanza, akafikiri kuna msiba, akasimama. Kisha akamwona mama mbele yao. Aliitazama miguu yake, akatazama mikono yake.

"Fimbo iko wapi?" akauliza.

"Niliacha kule."

"Na kesho utatembea na nini?"

"Na miguu," mama akasema, na wote waliokuwa uani wakacheka na kupiga makofi. Baba naye alicheka, lakini baada ya wengine.

Kuanzia jioni ile nyumba yetu haikuwa yetu tena. Walikuja kumtazama akienda jikoni na kurudi. Walimgusa mkono, wengine walimgusa nyonga bila kuomba ruhusa. Ikasemekana kwamba mguu ulikuwa umeongezeka urefu mbele ya macho ya watu, na wageni walimwomba baba alete mita yake ya useremala aipime miguu yote miwili. Baba alikataa. "Miguu si mbao," alisema, na akaendelea na kazi yake. Waliobaki na swali walimwona kama mtu asiye na imani. Sijui kama alikuwa nayo. Alikwenda misa Krismasi na Pasaka, alifanya ishara ya msalaba kabla ya kupanda juu ya paa, na zaidi ya hapo hakumweleza mtu yeyote.

Baba paroko alimwita mama siku chache baadaye, nami nikaenda naye. Alitukaribisha barazani, akamwambia mama atembee mpaka kwenye maua na kurudi. Mama alitembea.

"Inauma?" aliuliza padri.

"Kidogo tu, mon père. Kama vile mutu anakukumbusha kitu."

"Basi tembea, mama. Shukuru Mungu kila siku. Lakini lile neno, muujiza, tuliweke kwanza."

"Tuliweke wapi?"

Mzee yule alifikiri. "Kwenye kabati ya sakristia, pamoja na nguo za Pasaka. Siku yake ikifika tutalitoa."

Mama aliliona jibu hilo kuwa la haki. Mwalimu hakuliona hivyo. Alisema, kwa sauti yake ileile ya upole, kwamba taa haiwashwi ili iwekwe kabatini, na kikundi kikaanza kumpeleka mama huku na huku kutoa ushuhuda. Fimbo yake ilitundikwa kwenye ukuta wa chumba cha katekisimu, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Alikwenda Iga Barrière, akaenda Djugu, akaenda Bule. Nilimfuata wakati wa likizo, kwa sababu baba hakutaka aende peke yake na watu wa kikundi. Tulisafiri nyuma ya magari madogo ya wafanyabiashara, kati ya kabichi na jerikani, na katika kila parokia au kapela watu walikuwa wakingoja. Mama hakuwa amewahi kusema mbele ya watu. Mara ya kwanza alisema maneno machache tu, akatembea kidogo, akakaa. Lakini mtu hujifunza. Alijifunza mahali pa kunyamaza ili watu wavute pumzi. Ajali ya lori, ambayo nyumbani aliisimulia kwa kicheko, ilipata giza na vilio. Bibi na chale zake hawakutajwa tena, na kichupa cha Lurdi nacho kikatoka katika hadithi, kwa kuwa kilileta maswali.

Katika kapela moja juu ya vilima, wengi hawakusikia Kiswahili vizuri, na katekista alitafsiri kwa lugha ya kule. Mama alisema sentensi fupi. Katekista akaenda mbali nayo. Watu walishika vichwa. Mimi nilikuwa nimejifunza lugha hiyo kidogo kutoka kwa wenzangu wa bweni, nikasikia.

"Amesema nini?" mama aliniuliza chini chini.

"Amesema ulilala kitandani kama maiti. Ulikuwa unalishwa kwa kijiko."

Mama alimtazama katekista, ambaye jasho lilikuwa linamtiririka kwa furaha.

"Sasa nimukatize mbele ya batu?" alisema.

Hakumkatiza. Jioni walituletea kuku na viazi, wakatupa kitanda cha katekista mwenyewe. Mama hakula sana.

Sijui maumivu yalirudi lini hasa. Nilianza kuyaona wakati wa kiangazi, vumbi lilipokuwa jekundu juu ya majani ya migomba. Mama alikuwa akishika ukingo wa mlango kabla ya kuvuka kizingiti. Sokoni alirudia mahali pake pa ukutani, akasema ni kwa ajili ya kivuli. Nyumbani alichemsha maji ya chumvi, akajifungia chumbani na kitambaa, na akitoka uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyebishana. Mbele ya wageni alitembea vizuri. Kumtazama akitembea vizuri lilikuwa jambo la kuchosha, kwa kuwa sasa nilijua kila hatua ilikuwa na kazi yake.

Hakuniambia kitu, na mimi sikumuuliza. Baba alijua pia. Siku moja nilimkuta karakanani kwake amechagua kipande cha mti mgumu, anakilainisha kwa kioo kilichovunjika, polepole, bila agizo la mteja yeyote. Alipomaliza alikisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chao cha kulala. Kikakaa hapo. Mama alipita karibu nacho kila asubuhi.

Hapo ndipo alipokuja yule mwanamke wa Bule. Alikuwa kijana, mkulima, amemfunga mtoto mgongoni, na alikuwa amesafiri juu ya gari la viazi tangu alfajiri kwa sababu alikuwa amemsikia mama kwenye kapela ya kwao. Mtoto alikuwa msichana mwenye tumbo lililovimba na nywele zilizogeuka rangi. Hakulia. Mama alimpokea yule mwanamke, akampa maji, akamweka kwenye kiti.

"Ulimupeleka hospitali?" aliuliza.

"Nilimupeleka ya kule kwetu. Bakanipa vidonge. Bakasema nirudi naye, nikarudi, bakanipa tena." Akamfungua mtoto akamweka juu ya mapaja ya mama. "Mama, mumwekee mukono. Ni hiyo tu."

Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Mama alinitazama mimi, kisha akautazama mlango wa chumba chao. Nilifikiri atasema kwamba maumivu yamerudi. Alimwekea mtoto mkono kichwani, akasali Baba Yetu na Salamu Maria, zile za zamani, zenye maneno yake. Kisha akamwambia mwanamke kwamba hospitali ya Bunia ina daktari, na kwamba sisi tutamsindikiza sasa hivi. Tulikwenda. Mama alitembea mwendo wote kwa mguu ule, bila kuegemea kitu, kwa sababu mwanamke alikuwa akimtazama. Mtoto akalazwa. Alifariki kabla ya juma kwisha. Baba alitengeneza sanduku dogo, na mwanamke akarudi nalo Bule juu ya gari.

Nilidhani hatutamwona tena. Lakini baada ya matanga alirudi. Mama alipomwona uani alisimama na kushika ukuta, nami nikajua anangoja kutukanwa. Yule mwanamke hakuwa na hasira. Alileta maharage ndani ya kikapu. Alikaa palepale alipokaa mara ya kwanza, na baada ya salamu zote akauliza swali lake.

"Mama, nilikuja kuuliza. Ni nini sikufanya muzuri? Nilikula kitu njiani siku ile, labda njo hiyo? Mbele ya maombi haifai kula?"

Mama akaniambia, "Niletee fimbo, iko nyuma ya mulango." Nilimletea. Alisimama mbele ya mwanamke kwa msaada wa fimbo ile, akatembea hatua chache uani kama alivyokuwa anatembea zamani, mguu ukiburuta, akarudi akakaa.

"Uliona?"

"Niliona."

"Ile siku uliniletea mutoto, nilikuwa vile vile. Nilikuficha. Weye hukukosa kitu. Hakuna kitu ulikula."

Mwanamke aliitazama fimbo. Kisha akaanza kulia, na mama naye akalia, na mimi nikaenda kuchagua maharage kwa kuwa hakukuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Jumamosi iliyofuata mama alikwenda kwenye kikundi na fimbo mpya. Yule mwanamke, aliyekuwa amebaki kwetu, alikwenda naye, na mimi nikawafuata. Mlangoni watu walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Ile fimbo ya zamani bado ilikuwa juu ukutani. Mama hakuingoja nafasi ya ushuhuda. Alisema akiwa amesimama, kabla wimbo wa kwanza haujaanza.

"Bandugu, ile siku nilitembea. Muliniona. Sikudanganya. Na sasa mugulu inauma tena, tangu jua lilianza. Hii pia sidanganye. Nilificha, na kuficha njo kulikuwa uongo. Kama kuna mutu alileta mugonjwa kwangu sababu alifikiri niko na kitu mu mukono, anisamehe. Siko na kitu mu mukono."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Yesu."

Mwalimu alimkaribia. Hakukasirika, na nadhani alisikitika kweli. "Mama, shaka imeingia," alisema. "Adui anataka kukunyang'anya zawadi yako. Usimpe. Kaa hapa, tukuombee tena."

"Muniombee. Sikatai maombi. Lakini ile fimbo, muishushe kwanza."

Mwalimu aliitazama fimbo ukutani. "Ile si yako tena, mama. Ni ya kikundi."

Walimwekea mikono tena, wachache kuliko mara ya kwanza. Waliomba muda mrefu zaidi. Mama alifumba macho. Walipomaliza alishukuru, akaegemea fimbo yake, na tukatoka watatu. Njiani nilimuuliza kama alisikia kitu. Alisema alisikia joto, kama lile alilolisikia siku ya kwanza, na kwamba lilikuwa zuri. Mguu ulikuwa vilevile.

Maneno yalifuata, kama yanavyofuata katika mji mdogo. Wengine walisema alitenda dhambi iliyofichika. Wengine wakakumbuka chale za bibi, wakasema ni hizo zilizomfunga. Kule vilimani, nilisikia, bado walimsimulia kama mwanamke aliyefufuka, na hakuna aliyekwenda kuwarekebisha. Jirani yetu, yule aliyemshika goti, alikaa miezi bila kupita uani kwetu. Siku alipopata mjukuu alipita, akaomba makayabo, wakaongea juu ya mtoto. Baba paroko alisikiliza maungamo ya mama na hakutuambia lolote, lakini Jumapili moja, akitoka sakristia, aliniambia mimi, "Mama yako ana ujasiri kuliko mimi." Nilisema, "Ndiyo, mon père," halafu nikaona si jibu zuri.

Miaka ya themanini ilipoanza, mwalimu alitoka parokiani na sehemu ya kikundi, wakajenga kanisa lao la mabati upande wa pili wa mji. Waliobaki waliendelea kukutana Jumamosi, kwa sauti ndogo zaidi. Mama alikwenda akikaa benchi ya nyuma. Nilipomuuliza kwa nini bado anakwenda, alishangaa. Alisema aliponywa pale, hata kama ni kwa muda, na mtu hasahau nyumba alimopewa maji. Kuhusu kilichotokea siku ile ya mvua, hakuwahi kubadilisha maneno yake. Alitembea, Mungu ndiye aliyemtembeza, kisha mguu ukarudi. Nilijaribu mara moja kumweleza kile nilichokuwa nimesoma, kwamba mwili ukipata furaha kubwa unaweza kusahau maumivu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na furaha, ni nani aliileta?" aliuliza, akaendelea kufunga makayabo.

Yule mwanamke wa Bule hakurudi kulima. Mume wake alikuwa ameoa mwingine. Alipata chumba karibu na kwetu, akauza mboga pembeni ya mama sokoni, na wakawa wanakwenda hospitalini pamoja baada ya soko kufungwa. Hawakuwa kikundi, hawakuwa na jina. Waliwapelekea uji wagonjwa waliotoka mbali, wasio na ndugu wa kuwapikia, wakawaogesha, wakawafulia. Walibishana njia nzima. Mama alitaka uji uwe mzito na mwenzake alisema mgonjwa hawezi kumeza uji mzito.

Niliwafuata siku moja ya likizo kuwasaidia kubeba. Katika chumba cha wanaume kulikuwa na mtu aliyevunjika mguu kwenye machimbo ya dhahabu. Mguu wake ulikuwa umefungwa na kuvutwa kwa uzito, kama wa mama zamani. Alimtazama mama akija na fimbo, akamtazama tena.

"Mama, si ni weye ulitembea kule parokia? Njo weye?"

"Ni miye," mama akasema.

"Na fimbo?"

"Na fimbo." Akavuta kigoda, akakaa, akaushusha mguu wake taratibu. "Inua kichwa, unywe. Iko moto."

Yule mtu alikunywa. Alikuwa na njaa, akaomba tena, na yule mwanamke wa Bule akasema kutoka mlangoni kwamba alikuwa amesema tangu mwanzo, uji ule ulikuwa mzito mno, mgonjwa anahangaika kuumeza. Mama akamwambia angalie mwenyewe, bakuli lilikuwa tupu.